Okestra chini ya anga wazi: mwongozo kwa msafiri wa kiangazi

Kila kiangazi kikikaribia maswali huwa yaleyale: nivae nini, nikae wapi, mvua ikinyesha hela yangu inarudi, makofi yanapigwa wakati gani? Mwongozo huu ni wa mtu anayesafiri Ulaya au Marekani kati ya Juni na Agosti na anataka walau jioni moja ya muziki wa klasiki nje, hewani. Si lazima ujue kusoma nota wala kutofautisha Mozart na Haydn. Wengi wanaorudi wamenuna, muziki haukuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa jiwe walilolikalia saa tatu nzima, baridi ya usiku, au treni ya mwisho iliyoondoka wao wakiwa bado getini.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Usifungashe kama unahama nyumba. Hivi vinatosha, na vyote vinaingia kwenye kibegi kidogo. Baadhi ya kumbi hazipokei begi lililozidi ukubwa wa karatasi ya A4, kwa hiyo soma sharti hilo kwanza.

- Tiketi iliyopakuliwa kabisa kwenye simu, pamoja na kitambulisho. Usitegemee kiungo kilicho kwenye barua pepe. Watu elfu kumi wakijazana mahali pamoja, intaneti huwa ya kubahatisha.
- Mto mwembamba wa kukalia, au sweta nene unayoweza kuikunja mara nne.
- Koti jepesi au shali, hata kama mchana joto lilifika nyuzi 33.
- Koti la mvua lenye kofia. Mwavuli uache hotelini. Sababu iko kwenye hatua ya 6.
- Blanketi au mkeka, kama unakwenda kukaa kwenye nyasi. Mita 1.5 kwa 2 inawatosha watu wawili. Upande wa chini uwe wa plastiki, maana jua likizama nyasi zinaloa umande.
- Dawa ya mbu ya kupaka. Ya kupuliza inamwingia jirani puani.
- Darubini ndogo ya 8x25 (inayokuza mara 8), ukipenda. Usinunue yenye nguvu zaidi ya mara 10: mkono ukitikisika kidogo, okestra nzima inacheza ngoma.
- Maji kwenye chupa ya plastiki. Chupa za glasi hukataliwa karibu kila geti.
- Pawabenki na tochi ndogo ya kushukia ngazi gizani.

Hatua ya 1: Chagua mahali kwanza, programu baadaye

Anayeanza huchagua kwa jina la mtunzi: nimemsikia Beethoven, basi naenda kwa Beethoven. Kwa mara ya kwanza, mahali pana uzito kuliko programu, yaani orodha ya muziki utakaopigwa, kwa sababu ndipo panapoamua utakaa vipi, utasikia nini na utarudi vipi. Mahali hapo kwa kawaida ni pa aina tatu.

*Magofu ya kale.* Arena ya Verona, Italia, ni uwanja wa Warumi wa karne ya 1, na opera (mchezo wa kuigiza unaoimbwa) imekuwa ikichezwa humo tangu 1913, mwaka ambao Aida ya Verdi iliwekwa jukwaani kuadhimisha miaka 100 tangu mtunzi azaliwe. Orange, kusini mwa Ufaransa, kuna jukwaa la Kirumi lenye ukuta wa mita 103 kwa urefu na mita 37 kwa kimo, na ukuta huo ndio unaorudisha sauti kwa wasikilizaji. Haya ni maeneo ya opera: mavazi, kwaya kubwa, mandhari ya kupendeza. Mzigo wake ni mawe, ngazi za mwinuko na usiku mrefu.

*Nyasi.* Hapa ndipo pa kuanzia kama una watoto, au kama huna hakika utaipenda. Chicago ina Grant Park Music Festival, tamasha la bure lililoanza 1935, ambalo tangu 2004 linafanyika Millennium Park. Okestra ya New York Philharmonic imekuwa ikipiga bure kwenye bustani za jiji lake tangu 1965. Tanglewood, jimbo la Massachusetts, ni makao ya kiangazi ya okestra ya Boston Symphony tangu 1937. Kuna banda kubwa lililo wazi pembeni, na nyuma yake uwanja wa nyasi ambako watu hutandika blanketi na kula. Vienna, okestra ya Wiener Philharmoniker hupiga tamasha moja la bure kila mwaka kwenye bustani za kasri la Schönbrunn. Huwa Mei au Juni, kwa hiyo anayesafiri Julai ameshalikosa.

*Jukwaa la kudumu la nje.* Hollywood Bowl, Los Angeles, iliyofunguliwa 1922, ina nafasi za watu wapatao 17,500. Waldbühne ya Berlin, ya mwaka 1936, iko bondeni katikati ya msitu na inachukua watu wapatao 22,000. Okestra ya Berliner Philharmoniker hufunga msimu wao huko. Bregenz, Austria, jukwaa linasimama ndani ya ziwa lenyewe na watazamaji wapatao 7,000 wanakaa ukingoni.

Ukilazimika kuchagua moja bila kufikiri sana, chagua nyasi. Ukichoka unajilaza, ukiboreka unaondoka bila kumkanyaga mtu.

Hatua ya 2: Nunua kwa mwenyewe, na usome tarehe mara mbili

Nunua kwenye tovuti ya ukumbi au ya okestra yenyewe. Ukitafuta kwenye intaneti, majibu ya juu kabisa mara nyingi ni ya wachuuzi wanaouza kiti kilekile kwa bei ya juu, na kwa matamasha ya bure wapo wanaokuuzia kitu kisichouzwa. Kama ukurasa haukuonyeshi ramani ya viti, toka.

Halafu tarehe. Marekani huandika mwezi kwanza: 07/08 ni tarehe 8 Julai. Ulaya 07/08 ni tarehe 7 Agosti. Mwezi mzima unapotea hapo. Na saa: 21:15 ni saa tatu na robo usiku. Sisi tuliozoea kuhesabu saa kwa Kiswahili tuna mtego wetu, kwa hiyo andika saa hiyo kwa maneno kwenye kalenda yako siku uliyonunua tiketi.

Unayehitaji viza ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya), ombi linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na lisicheleweshwe hadi siku chini ya 15. Fuatilia viza kwanza. Tiketi nyingi za muziki hazirudishwi kwa sababu viza imekataliwa.

Hatua ya 3: Chagua kiti kwa sikio

Swali la kwanza: kuna spika au hakuna?

Kwenye nyasi karibu kila mara zipo. Mahali pazuri hapo si mbele kabisa. Tafuta meza ya fundi mitambo, ile yenye vitufe vingi na taa ndogondogo katikati ya uwanja, ukae karibu nayo, usawa wa katikati ya jukwaa. Fundi anapanga sauti kwa anachokisikia yeye pale alipo, kwa hiyo wewe unasikia karibu kilekile. Ukijibanza ubavuni chini ya spika moja, utapewa tarumbeta na kunyimwa fidla. Millennium Park ni pa pekee kidogo: juu ya nyasi kuna fremu ya mabomba ya chuma iliyotungikwa spika, ili aliye nyuma asikie vizuri karibu sawa na aliye mbele. Huko hakuna haja ya kugombea mstari wa kwanza.

Kwenye magofu ya kale, katikati ni bora kuliko karibu. Kiti cha juu kilichonyooka mbele ya jukwaa kinashinda cha chini kilicho pembeni kabisa, ambako mwimbaji akigeuka upande wa pili unabaki na mgongo wake. Verona, viti vya chini uwanjani vinaitwa platea na ni viti vya kweli. Gradinata ni ngazi za mawe. Angalia kama tiketi yako ya gradinata ina namba ya kiti. Isiyo na namba ni ya anayewahi, kwa hiyo bei yake ya chini unailipa kwa kusimama kwenye foleni.

Ukiwa mbali, utashangaa kondakta (wa okestra, si wa basi) anashusha kijiti na mlio unakuja baadaye. Macho yako ni mazima. Sauti inatumia karibu theluthi moja ya sekunde kusafiri mita 100.

Hatua ya 4: Panga kurudi kabla ya kupanga kwenda

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Opera ya nje huanza giza likiingia, na kiangazi cha Ulaya giza halina haraka: Berlin mwezi Juni jua linazama karibu saa tatu na nusu usiku. Opera iliyoanza saa tatu usiku, ikiwa na mapumziko, inaweza kukufikisha saa saba.

1. Tafuta muda wa onyesho kwenye tovuti ya ukumbi, pamoja na mapumziko. Bregenz huwa hakuna mapumziko, karibu saa mbili mfululizo, basi nenda msalani kabla.
2. Ongeza dakika 45 za kutoka getini.
3. Angalia kama baada ya hapo bado kuna treni au basi. Angalia ratiba ya siku ile ile ya wiki. Ya Jumapili ni tofauti.
4. Kama hakuna, lala mahali unapoweza kufika kwa miguu. Verona, Arena iko katikati ya mji, na kituo kikuu cha treni kiko mwendo wa kama dakika 20 kwa miguu.

Tanglewood iko mashambani: bila gari hufiki kirahisi, na kutoka Boston ni zaidi ya saa mbili za barabara. Hollywood Bowl wana mtindo wao wa kuegesha magari, moja linafungia jingine, nyuma kwa mbele. Ukitaka kutoka mapema huwezi mpaka wa mbele yako waondoke. Wanaojua hupanda mabasi maalumu ya tamasha.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Kula vizuri alasiri. Njaa ya saa nne usiku ukiwa katikati ya mstari wa watu 40 haina dawa.

Kwenye nyasi, fika saa moja na nusu hadi mbili kabla. Tamasha la bure la jina kubwa, saa tatu kabla. Tandika blanketi lako lote mara moja, usimwekee nafasi mtu ambaye bado yuko hotelini. Kiti cha kukunja kiwe kifupi, cha miguu ya chini, au kaa kwenye eneo lililotengwa kwa viti virefu. Chakula ni sehemu ya starehe, ila chagua kisichopiga kelele: mkate, matunda yaliyokwisha kukatwa, jibini. Kaukau za kwenye mfuko wa kuchakarisha, sehemu polepole ya simfoni (kazi ndefu ya okestra) ikianza, zitakupatia maadui wa lugha tatu. Pombe ina sheria za kila mahali. Hollywood Bowl huruhusu kuja na yako usiku ambao mwenyeji ni Los Angeles Philharmonic yenyewe. Usiku uliokodishwa kwa waandaaji wengine hairuhusiwi.

Kwenye mawe, fika saa moja kabla kama kiti chako kina namba. Jiwe lililopigwa na jua mchana kutwa bado lina moto jioni, na hapo ndipo mto unapoanza kazi: mwanzo unakukinga na joto, baadaye na ugumu. Viatu viwe bapa, vyenye soli inayoshika. Kwenye ukumbi wa Herodes Atticus, Athens, viatu vya visigino virefu haviruhusiwi kabisa kwa sababu vinachimba marumaru. Usisafiri na vya aina hiyo peke yake. Ukumbi mkongwe pia hufungwa kwa ukarabati, wakati mwingine miaka kadhaa, kwa hiyo usitegemee picha za rafiki aliyekwenda zamani.

Kuhusu mavazi: safi na ya heshima yanatosha karibu kila mahali. Platea ya Verona watu hupendeza. Kwenye ngazi za juu kaptura ya kawaida haimshangazi mtu.

Hatua ya 6: Mvua

Usiulize kama itanyesha. Uliza nini kitatokea ikinyesha, na uliza siku ya kununua tiketi.

Sharti la kulitafuta ni hili: onyesho likikatizwa *baada* ya kuanza, hela inarudi? Verona jibu ni hapana. Likianza tu, hata likasimama baada ya dakika chache, tiketi imetumika. Bregenz wana ukumbi wa ndani pembeni ya ziwa, na baadhi ya tiketi zinakuhamishia humo hali ya hewa ikiharibika, nyingine hazikuhamishi. Tofauti hiyo imeandikwa kwenye aina ya tiketi, basi isome kabla ya kulipa.

Kwa nini si mwavuli? Kwa sababu mmoja ukifunguliwa, watu kumi walio nyuma hawaoni, na maji yake yanamchuruzikia wa pembeni. Bregenz mwavuli umekatazwa wakati wa onyesho. Koti lenye kofia linamaliza kesi.

Ukitaka kujua kama onyesho litasimamishwa, watazame wapiga fidla. Mbao na gundi ya vyombo vyao haipatani na maji, na vingine vina thamani ya nyumba. Utaona mmoja anatazama juu, wa pili anafuta chombo kwa kitambaa, kisha mstari mzima unanyanyuka na kutoka. Wapiga tarumbeta wanakuwa wa mwisho. Upepo nao una dalili zake: kurasa za nota zimebanwa kwa vibanio, kama vile vya kuanikia nguo. Mvua ikianza, usikimbilie nje. Vaa koti, ubaki ulipo, usikilize tangazo. Mara nyingi wanasubiri wingu lipite na kuendelea. Kujificha chini ya mti kwenye radi ni hatari, tafuta jengo au gari.

Mvua ina mchango wake, hata hivyo. Mwaka 1937 dhoruba ilivuruga tamasha la muziki wa mtunzi Wagner huko Tanglewood, watu wakachangishwa hela ya paa papo hapo, na mwaka uliofuata banda likafunguliwa.

Hatua ya 7: Makofi, simu na adabu nyingine

Simfoni nyingi zina sehemu nne, na kati ya sehemu na sehemu kuna kimya kifupi. Hapo hapapigwi makofi, ingawa kwenye nyasi wapo watakaopiga na dunia haitaanguka. Njia salama: angalia mikono ya kondakta. Ikiwa bado juu, kazi haijaisha. Ikishuka na akageuka, piga. Jihadhari na simfoni ya sita ya Tchaikovsky: sehemu ya tatu inamalizika kwa kishindo, mtu anaruka kushangilia, kumbe bado kuna ya nne, ya taratibu na ya majonzi. Kwenye opera mambo ni huru zaidi. Mwimbaji akimaliza wimbo wake mkubwa, makofi yanakuja yenyewe.

Simu izime sauti na upunguze mwanga wa kioo. Kurekodi kumekatazwa sehemu nyingi, na picha moja kabla ya kuanza inatosha kuwatumia nyumbani. Verona kuna desturi ya zamani ya kuwasha mishumaa midogo kabla ya onyesho. Ukipewa wako, washa, kisha weka mbali na nywele za aliye ngazi ya chini.

Usiinuke kuwahi gari wakati programu iliyochapishwa imeisha. Nyongeza, kile kipande kinachopigwa baada ya programu, ndiyo huwa tamu. Berlin, kwenye Waldbühne, Philharmoniker hufunga kwa *Berliner Luft* ya Paul Lincke, na umati mzima hupiga mbinja. Anayeondoka kabla ameukosa mwisho wenyewe.

Mambo yakienda kombo

*Sisikii vizuri.* Kwenye nyasi, hama upande ambao upepo unaelekea, na rudi katikati. Hatua 20 zinaweza kubadilisha kila kitu. Kama kelele ni za majirani, hama wakati wa makofi. Kugombana hakusaidii, wao nao wamekuja kwenye pikiniki.

*Tiketi haifunguki getini.* Toka kwenye foleni, nenda dirisha la tiketi na kitambulisho na namba ya oda. Picha ya skrini wakati mwingine inakataliwa, hasa msimbo unapobadilika kila baada ya sekunde chache. Hiyo inahitaji programu ya ukumbi iliyopakuliwa tangu hotelini.

*Nimechelewa.* Opera ikishaanza, milango ya viti hufungwa hadi mapumziko, na pasipo mapumziko unaweza kubaki nje moja kwa moja. Kwenye nyasi ingia taratibu, kaa pembeni, tandika baada ya kipande kuisha.

*Mtoto amechoka.* Kaa tangu mwanzo karibu na njia ya kutokea. Nusu ya kwanza tu inatosha. Ondoka wakati wa mapumziko, akiwa bado anafurahi.

*Baridi imeniingia.* Inaanzia chini, kwenye matako na miguu. Kalia koti la mvua lililokunjwa, vaa soksi, funika magoti kwa shali.

*Sielewi hadithi ya opera.* Soma muhtasari wa ukurasa mmoja alasiri, kwa lugha unayoijua. Shika majina matatu tu: nani anampenda nani, na nani anakataa.

*Tumepotezana na simu hazishiki.* Kubalianeni kabla ya kuingia: geti namba fulani, nje, upande wa kulia, dakika 30 baada ya kuisha. Usiseme "pale mlangoni". Arena ya Verona ina milango kuizunguka yote, na kwenye giza yote inafanana.